Jumamosi za Maganga

Jumapili jioni, mwezi wa saba. Baridi imekaza, mlima haujaonekana tangu Jumatano, na majirani zangu wa mtaa huu wa Soweto wamevaa makoti tangu asubuhi. Nguo nilizofua juzi bado hazijakauka. Nimekaa kitandani na simu, nimejifunika blanketi, na moyo wangu hautulii.

Si mafua. Ni aibu.

Anayenisoma hapa mara kwa mara anajua tabia yangu. Mimi ni mtu wa kushuku. Nikirudishiwa chenji naihesabu mara mbili. Nikisifiwa gauni najiuliza mtu anataka nini. Fundi akiniambia mashine ya fotokopi imekufa, naomba kwanza nioneshwe maiti. Nimeishi hivyo miaka arobaini na minne na sijawahi kuibiwa kirahisi, kwa hiyo sikuona sababu ya kubadilika.

Timu yetu ni ya kata ya nyumbani, huko mlimani, juu kidogo ya Himo. Mimi naishi mjini na nina stesheneri karibu na stendi, lakini huu ni mwaka wa nne wamenifanya katibu, kwa sababu nina kompyuta na barua zangu zinaogopwa. Wiki hii nimeandika moja. Kesho asubuhi Mwenyekiti anakuja dukani niisaini na kuipiga muhuri, ipelekwe kwa wakubwa wa mpira wa mkoa. Inasema mchezaji wetu wa zamani, Maganga, alikuwa anatuuzia mechi. Wakiikubali atafungiwa, na habari zake za kwenda kucheza Dar zitaishia hapo hapo.

Maganga alikuja kwetu msimu uliopita akitokea Tabora. Ana miaka ishirini na mitatu, ni mrefu, mpole kupita kiasi, na upole wa namna hiyo huwa unanitia wasiwasi. Mwenyekiti alimwona kwenye bonanza moja mjini, akarudi anaongea peke yake kwa furaha. Klabu haina kambi, maana wachezaji wetu wengine wote ni vijana wa pale pale na wanalala kwao. Nikasema Maganga akakae kwa mama yangu, kwani vyumba vya kaka zangu viko wazi tangu wahamie Dar. Nilimwambia mama amchukue kama mwanawe. Kwenye kikao nilijisifia kwa jambo hilo, na nadhani nilijisifia zaidi ya mara moja.

Mazoezini alikuwa moto. Kwenye mechi za Jumatano alikuwa moto. Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya mechi nyingi za ligi, alikuwa mtalii. Dakika ishirini za kwanza anakimbia, halafu anatembea, halafu anasimama anatazama mandhari.

Mechi ya mwisho ya msimu ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu, na tulihitaji kushinda ili tupande daraja. Kipindi cha pili alibaki yeye na kipa, kipa akateleza akaanguka, goli likawa wazi mbele yake. Akapiga mpira wa kichovu ukapita pembeni ya mlingoti bila hata haraka. Tukatoka sare, tukabaki tulipo. Ninachokumbuka zaidi ni alivyoinama baada ya pale, mikono magotini, macho kwenye nyasi. Mtu aliyekosa kwa bahati mbaya hushika kichwa. Huyu alishika magoti.

Wiki mbili baadaye akaondoka. Alimuaga mama yangu lakini hakuiaga kamati. Akaenda kuchezea timu ya wafanyakazi huko chini kwenye mashamba ya miwa, na huko akawaka. Anafunga kila wiki. Msimu huu kuna timu ya Dar imetuma watu kumtazama mara mbili, na inasemekana mwezi ujao wanamchukua.

Kocha wetu alisema ndivyo mpira ulivyo. Kuna mchezaji anafeli hapa anang'ara pale. Akaanza kunitajia majina ya Ulaya, huyu alitupwa na timu hii akawa mfalme kwenye ile. Alisema ni mfumo, ni kujiamini, ni hali ya hewa, ni kocha anayekuelewa. Nilimsikiliza nikijua kwamba kocha aliyefeli lazima aseme hivyo. Miguu ni ile ile miwili. Goli lina upana ule ule. Kama miguu haikufanya kazi kwetu na inafanya kazi kwa jirani, basi kuna mtu aliyeilipa isifanye.

Nina daftari. Huwa nawapa wachezaji alama baada ya kila mechi, kwa matumizi yangu mwenyewe, na hakuna anayejua isipokuwa sasa wewe unayesoma. Mapema wiki hii nilikaa nalo dukani, wateja wakinisubiri, nikazipanga alama za Maganga kwa siku. Jumatano nzuri, Jumamosi mbovu. Jumatano nzuri, Jumamosi mbovu. Msimu mzima hivyo hivyo. Nilisisimka mpaka vidoleni. Ugonjwa hauchagui siku. Kiwango hakishuki kwa kalenda. Wanaochagua siku ni watu wa kubeti, na vijiwe vyetu huwekeana dau Jumamosi.

Nikampigia Mama Aika, jirani wa mama yangu, mwanamke ambaye hapitwi na kitu. Nilimuuliza kama Maganga alikuwa na nyendo zozote. Akasema alikuwa akitoka saa kumi na moja alfajiri, giza bado, mbwa wake akibweka, na anateremka upande wa korongoni. Kila siku, hata siku za mechi. Jumamosi alikuwa akitoka mara mbili.

Mara mbili, Jumamosi. Nilimshukuru nikakata simu upesi nisije nikaisahau sentensi niliyokuwa nimeshaitunga kichwani.

Niliiandika barua Alhamisi. Ni barua nzuri, nasema ukweli. Nilitaja siku, nilitaja ile mechi ya mwisho, nikaandika kwamba mchezaji huyo "alikuwa na tabia ya kuondoka kambini alfajiri kwenda kusikojulikana, hususan siku za mechi." Kambini, nikaandika, wakati ni kwa mama yangu. Ijumaa asubuhi nikaitupia kwenye grupu la timu waisome. Wakaishangilia. Kufika adhuhuri ilikuwa imeshatoka nje ya grupu na kuanza kutembea yenyewe.

Jana nikashuka kwenye miwa kumtazama. Nilitaka kuongeza aya moja ya mwisho, ya kuonesha kwamba huko Jumamosi anaweza.

Na kweli aliweza. Kule ni tambarare, joto, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na yeye alikimbia dakika tisini kana kwamba yuko peke yake uwanjani. Alifunga bao, akatoa pasi ya bao, na dakika za mwisho alikuwa anamfukuza beki wa watu mpaka kwenye kona. Wenyeji walikuwa wanalitaja jina lake kwa lafudhi za mikoa yote. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya goli nimekunja mikono, na hasira ilinipanda mpaka nikahisi kichwa kinauma. Kumbe pumzi anazo. Kumbe ni sisi tu tuliokuwa hatustahili.

Baada ya mechi nilimfuata kocha wao, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, nikamuuliza kwa ujanja amemfanyia nini. Alisema hajamfanyia chochote. Alipokuja alikuwa na miguu mizito na mgongo unamuuma, akampumzisha wiki tatu bila kumchezesha, akamwacha alale. Hapa analala mpaka saa mbili asubuhi, akasema. Sikumwamini hata kidogo. Kocha gani anasifia usingizi? Nikaweka akilini kwamba naye yumo.

Kisha Maganga mwenyewe akanifuata, jasho linamtiririka, akainama kidogo akaniamkia shikamoo. Nikaitikia kwa baridi. Akaniuliza mama hajambo. Nikasema hajambo. Akaniuliza kama yule ng'ombe mwekundu alizaa salama, maana alimwacha na mimba kubwa.

Nilirudi mjini nikilitafuna swali hilo njia nzima. Mtu umekutana na katibu wa timu uliyoihujumu, na unaulizia ng'ombe. Alikuwa anaficha nini?

Leo nimepanda kwa mama. Tulikwenda ibadani pamoja, tukarudi, tukala ndizi nyama, na nilipokuwa naosha vyombo nikamuuliza, kama mtu asiye na haja, imekuwaje Maganga anajua mimba ya ng'ombe.

Mama akanishangaa. Akasema atakosaje kuijua wakati ndiye aliyekuwa akiwalisha.

Lazima nieleze, kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Kwetu ng'ombe hatoki. Anakaa bandani na chakula kinamfuata. Majani yanakatwa chini korongoni, yanafungwa mzigo, yanapandishwa kilima kichwani au mgongoni, na mzigo ukiwa mbichi ni mzito kuliko unavyoonekana. Mama ana ng'ombe watatu. Na nyumbani kwetu, tangu enzi za marehemu baba ambaye alikuwa mzee wa kanisa, Jumapili panga halishikwi. Ng'ombe lakini anakula Jumapili kama siku nyingine. Kwa hiyo Jumamosi majani yanakatwa ya siku mbili. Unashuka mara mbili na kupanda mara mbili. Nimekulia kwenye hilo, na kila mtu wa kule amekulia kwenye hilo.

Wachezaji wetu wengine nao kwao wana ng'ombe. Lakini wao ni wenyeji, wanajua kukwepa. Jumamosi ya mechi mmoja anaumwa tumbo, mwingine ameitwa na kocha, mwingine amelala kwa rafiki, na dada zao ndio wanaoshuka korongoni. Mgeni hawezi kukwepa. Mgeni anamwona mama wa miaka sabini na mbili amejifunga kanga kiunoni na kamba mkononi, saa kumi na moja alfajiri, na hawezi kurudi kulala.

Mama alinieleza taratibu, anamenya chungwa. Hakumtuma. Siku ya kwanza kijana alimpokea panga mlangoni. Alimkatalia. Siku ya pili alimkatalia tena. Siku ya tatu akamwachia, kwa sababu goti lake lilikuwa linauma na mtu wa kumsaidia hakuwapo.

"Mliniambia ni mwanangu," akasema. "Nilidhani mnajua mwanangu anafanya nini hapa nyumbani."

Halafu akaniuliza kwani amefanya nini, mbona namuulizia. Nikasema hakuna kitu. Nikaingia kuosha sufuria ambazo nilikuwa nimeshaziosha.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu nianze kuandika.

Ng'ombe wale si wa mama. Ni wangu. Niliwanunua mimi, nikawaweka kwake, na kila asubuhi dumu langu la maziwa linateremshwa na bodaboda mpaka Himo na kuja mjini, na nusu ya mtaa huu wa Soweto inanunua kwangu. Mwanamume aliyekuwa akitukatia majani alihamia Arusha mwezi mmoja kabla Maganga hajaja. Mama aliniambia nitafute mwingine. Nikasema nitatafuta. Sikutafuta, na maziwa hayakupungua. Yaliongezeka. Msimu wote ule dumu lilikuwa linakuja limejaa mpaka kwenye kizibo, na mimi sikujiuliza.

Maganga alipoondoka maziwa yakashuka nusu. Hapo nikajiuliza. Nilimshuku bodaboda kwamba anayanywa njiani, nikamfokea mbele za watu, nikabadilisha bodaboda.

Mimi ninayeshuku kila kitu sikuwahi kushuku dumu lililojaa.

Nikiwa njiani kurudi nilimpigia Mama Aika nikamuuliza, kwa hasira ambayo haikuwa yake, kwa nini hakuniambia habari ya majani. Akacheka. Alisema sikumuuliza anarudi na nini. Na kwamba kila anayeamka saa hizo kule anakwenda kwenye majani, sasa angeniambia kitu gani kipya?

Ana haki. Ningeuliza swali moja zaidi ningelijua. Lakini swali hilo lisingekaa vizuri kwenye barua.

Saa tisa nilimpigia Maganga mwenyewe. Nilizunguka kwanza, nikamwambia ng'ombe mwekundu alizaa ndama jike, akafurahi kabisa, akauliza ana rangi gani. Ndipo nikamuuliza kwa nini hakusema. Kamati ilikuwapo, kocha alikuwapo, mimi nilikuwa nikipanda kila siku ya mechi kutazama, na mara ngapi tulikaa meza moja kwa mama tunakunywa chai.

"Ningesema nini, dada? Kwamba mama yako ananichosha?"

Nikamwambia kuna barua imeandikwa, lakini haijasainiwa. Akasema anaijua. Aliisoma Ijumaa mchana, kocha wake alitumiwa na mtu. Timu ya Dar nayo imeshaiona, wamemwambia wanasubiri kwanza waone inaishia wapi.

Ijumaa mchana. Jana alipokuja kuniamkia, akainama, akamuulizia mama na ng'ombe wangu, alikuwa ameshasoma kila neno nililomwandikia. Na mimi niliitikia kwa baridi, nikaondoka nikimchunguza.

Nililia. Sitapamba, nililia, na nadhani alisikia kwa sababu alianza kuongea haraka kunituliza. Alisema hana kinyongo. Nikamwambia nitaandika ukweli, leo leo, kwenye grupu lile lile. Hapo akashtuka kuliko alivyoshtuka kwa ile barua.

"Andika tu kwamba nilikuwa sina kiwango," akasema. "Mama usimtaje. Watu watasema alinifanya kibarua."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa tisa. Hapa nina cha kukiri kingine, kwa kuwa nimeshaanza. Kuna kama nusu saa nilitamani kumtii. Ilikuwa rahisi sana. Nisingesaini, ningesema ushahidi hautoshi, Mwenyekiti angenuna wiki mbili, kocha angerudia majina yake ya Ulaya, na hakuna ambaye angejua lile dumu. Niliifikiria njia hiyo kwa makini, nikajiambia ni kwa ajili ya kumlinda mama. Lakini "ushahidi hautoshi" si sawa na "hakufanya." Watu wa Dar wangesoma hivyo na kumwacha, na mimi ningejua ni kwa sababu gani ameachwa.

Kwenye grupu mama sikumtaja. Kule nimemtii, hapa nimeshindwa. Nimeandika hivi:

"Maganga hakuuza mechi yoyote. Alikuwa akikata na kubeba majani ya ng'ombe wangu kila siku, na Jumamosi ya siku mbili, kwa sababu mimi sikuajiri mtu. Alikuwa anaingia uwanjani amechoka. Kosa ni langu. Barua naifuta, na kesho naandika nyingine ya kumsafisha, nitaisaini mimi na nitampelekea nakala kocha wake ili awape watu wa Dar."

Nimeisoma mara nne. Nikaituma saa kumi na moja na dakika tano.

Niliona wanavyoisoma mmoja mmoja. Kocha wetu aliweka alama ya mikono inayoomba, sijui anamwombea nani. Mwenyekiti alianza kuandika, akaacha, akaanza tena, akaacha. Nikaenda kuanua nguo ingawa bado mbichi, ili tu nisiwe karibu na simu.

Niliporudi kulikuwa na jibu moja. Ni la mweka hazina, mtu ambaye Ijumaa aliisifia ile barua kuliko wote.

"Katibu, jana ulikwenda kwenye miwa. Leo umegeuka. Wamekupa ngapi?"

Chini yake watu sita wameshaweka dole gumba.

Nimelitazama swali hilo mpaka giza limeingia chumbani na sijawasha taa. Siwezi hata kumkasirikia. Siku zinaoana, safari ipo, mabadiliko ya ghafla yapo. Ningekuwa yeye, ningekuwa nimeshafungua daftari.

Nitaanzia wapi kumweleza mtu anayefikiri sawasawa na mimi?